Kimya cha ngazini: kisa cha nyumba moja yenye paka 13

Kisa hiki kimetoka Mombasa, katika mtaa wa nyumba za mawe ambao sitautaja. Mwenye nyumba amekubali kiandikwe. Majina ya watu sikuyatia, ya paka nimeyabadili, na mambo machache ambayo yangemfanya jirani aseme "aa, ni kwa fulani" nimeyageuza. Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo, na kwa miaka kadhaa kazi yangu kubwa imekuwa paka wasio na mwenyewe: kuwatega, kuwapeleka kuhasiwa au kufungwa kizazi, kuwarudisha walikotoka. Baadhi ya makosa yatakayosomwa hapa chini ni yangu, wala si ya mwenye nyumba.

Nyumba yenyewe

Bi. N. ni mjane, mstaafu wa kazi ya ualimu. Anaishi nyumba ya ghorofa moja yenye ua mdogo katikati, ngazi moja nyembamba ya kupandia juu, na paa la saruji linalogusana na mapaa ya majirani wawili. Ndani walikuwamo binti yake, mwenye mimba ya miezi mitano wakati kisa kinaanza, na mjukuu wa miaka 9.

Paka wa ndani walikuwa saba. Mkubwa ni Bibi, jike la miaka 11 lililokuja na marehemu mume. Kisha Tui na Karafuu, ndugu wa tumbo moja wenye miaka minne, waliookotwa kwenye boksi la sabuni nyuma ya duka. Wakilala, huwezi kujua mkia ni wa nani. Bizari alijileta mwenyewe akiwa na mimba, na vitoto vyake viwili walikuwa na wiki kumi. Wa mwisho, Iliki, ni kijana wa mwaka mmoja.

Wa nje walikuwa sita. Hawa hawaingii. Hupanda paani jioni, hula vichwa vya samaki na wali uliobaki, wakaondoka. Mkubwa wao ni paka shume mwenye kichwa kama ngumi na sikio lililochanika, aliyeitwa Nahodha. Kwa miaka mitatu Bi. N. hakuwahi kumgusa. Alikuwa akiweka sahani, anarudi mlangoni, na Nahodha anakuja.

Mabeseni ya mchanga yalikuwa mawili, yote chini, karibu na stoo ya chini ya ngazi. Tui na Karafuu walikuwa wamefungwa kizazi, wengine bado. Kuhusu chanjo, Bi. N. aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba wakubwa "wamechanjwa". Ni kweli walichanjwa: kichaa cha mbwa, siku ya kampeni ya bure. Chanjo ya maradhi ya paka kwa paka hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Hili nalikuta nyumba baada ya nyumba. Neno chanjo husemwa kana kwamba ni moja.

Wageni kutoka diko

Siku ya 1, mjukuu alirudi kutoka diko la wavuvi na vitoto watatu ndani ya kikapu, wa wiki sita hivi. Bi. N. aliwaweka jikoni, karibu na Bizari, akitumaini kwamba mama mwenye maziwa atawapokea. Bizari aliwanusa, akawalamba. Vitoto wenyewe walikuwa wapole mno. Hawakulia usiku, hawakukwaruza, walikaa walipowekwa. Bi. N. alimsifu mjukuu kwa kuokota watoto wenye adabu.

Siku ya 3 mmoja alionekana ameinamia bakuli la maji, kichwa kikining'inia juu ya maji, hanywi. Alikaa hivyo saa nzima, na usiku akafa. Siku ya 4 wa pili alianza kutapika povu la njano, ndipo nikaitwa.

Paka aliyeinamia maji asiyoweza kuyanywa, ukishamwona mara moja hutamsahau. Tulimpeleka kliniki. Daktari alitumia kipimo kile kile kinachopimia pavo ya mbwa (ugonjwa wa kirusi wa kutapika na kuharisha) kwenye kinyesi, kwa kuwa kirusi cha paka ni jamaa wa karibu na kipimo hicho hukinasa. Jibu lilithibitisha panilukopenia, ugonjwa unaoshambulia matumbo na kumaliza chembe nyeupe za damu. Dalili zake huweza kuchukua hadi siku kumi kujitokeza. Maana yake, kila paka aliyepita jikoni tangu siku ya 1 alikuwa mshukiwa.

Kitoto wa pili alikufa siku ya 5. Vitoto wa Bizari waliugua siku ya 8, wakafa siku ya 9 na ya 11. Iliki aliugua, akawekewa maji ya dripu siku nne, akapona. Kitoto wa tatu wa diko, mdogo kuliko wote na ambaye hakuna aliyemtarajia, alipona. Mjukuu alimwita Baki.

Tuliyoamua na sababu zake

Siku ile ile ya kipimo tuliigawa nyumba. Wagonjwa walibaki jikoni na mtu mmoja tu wa kuwahudumia, mwenye kanga yake ya kazi na malapa ya kuyaacha mlangoni. Paka wakubwa wasio na dalili walipandishwa juu wakachanjwa bila kungoja. Wengine waliona ni kupoteza dawa kwa paka ambao huenda wamekwisha ambukizwa. Daktari akasema, na nakubaliana naye, kwamba chanjo hai huwahi kufanya kazi ndani ya siku chache, na katika nyumba iliyoingiwa siku chache ni nyingi. Wa juu hakuna aliyeugua.

Binti mwenye mimba hatukumpa kazi yoyote ya mchanga. Ndugu walikuwa wameanza kusema paka wote watolewe kwa ajili ya mimba. Tulichowaeleza ni kwamba toksoplazma, yaani kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ikiwa kwenye kinyesi cha paka huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo beseni likisafishwa kila siku na mtu mwingine hatari hupungua sana. Tukaongeza kuwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa ni njia za maambukizi zinazosahauliwa. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito alimwambia Bi. N. yayo hayo, na maneno ya muuguzi yana uzito ambao yangu hayana.

Usafi ulikuwa kazi. Kirusi hiki huweza kukaa ndani ya nyumba mwaka mzima, na dawa nyingi za kunukia za kupigia deki hazikiui. Jiki hukiua: sehemu moja kwa sehemu 32 za maji, iachwe dakika kumi, lakini baada ya kusugua kwa sabuni, kwa sababu juu ya uchafu jiki hupotea nguvu. Sakafu na mabakuli yakasafishika. Mikeka ya ukindu haisafishiki hivyo, na mmoja wao ulisukwa na mamake Bi. N. Nilisema uchomwe, ukachomwa uani, naye hakusema neno. Leo ningesema ukunjwe, ufungwe ndani ya plastiki, uwekwe mbali na paka zaidi ya mwaka. Hapakuwa na haja ya moto.

Baki alitengwa chumba cha juu wiki sita, kwa kuwa aliyepona huweza kuendelea kutoa kirusi kwa muda kama huo.

Nahodha

Vifo vinne vikatafutiwa mkosaji. Nahodha alikuwa tayari na kesi nyingi mtaani: kulia alfajiri, kupigana juu ya mabati, kunyunyizia mkojo viti vya pikipiki. Jirani mmoja alitaka atiwe gunia akatupwe diko. Mwingine alitaja sumu.

Nilipinga gunia kwa sababu za kazi. Paa lenye chakula halikai bila dume, akiondoka huyu atakuja mwingine ambaye hatumjui, hajahasiwa, na amebeba asiyoyajua mtu. Isitoshe, ugonjwa ulitoka diko kuja mtaani, haukutoka paani. Lakini sumu haikuzimwa na hoja zangu. Mzee wa mtaa, anayeheshimiwa, aliwakumbusha barazani hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Mazungumzo ya sumu yakaishia hapo.

Tukakubaliana kuhasi na kufunga kizazi paka wote, wa ndani na wa nje. Bi. N. alikwenda kwanza kumuuliza mtu anayemwamini katika dini. Akajibiwa kwamba ikiwa ni kuzuia madhara, hapana ubaya. Najua wapo wenye rai nyingine.

Tulikuwa na mtego mmoja. Usiku wa kwanza na wa pili tulinasa wanne wa nje. Wakafanyiwa upasuaji, wakachanjwa, wakakatwa ncha ya sikio la kushoto ili wasitegwe tena bure, wakarudishwa paani. Nahodha na jike moja la kijivu hawakuingia.

Siku ya 34, Bi. N. alijaribu kumkamata Nahodha kwa mikono, na kanga. Nahodha akamng'ata chini ya dole gumba mpaka kwenye mfupa. Meno ya paka ni kama sindano: kidonda kinafumba juu, uchafu unabaki ndani. Aliosha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15, kama nilivyomwambia kwenye simu, kisha hospitali, akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo pamoja na dawa za kuua bakteria. Nahodha alinaswa usiku ule. Paka aliyeng'ata huangaliwa siku kumi, na kwa muda huo hatukumhasi wala kumchanja. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumweka: stoo ya chini ya ngazi.

Siku kumi stoo, na zile zilizozidi

Siku tatu za mwanzo hakula. Hilo lilinitia hofu, kwani paka mkubwa asiyekula siku mbili tatu ini lake huweza kuingia mafuta na kumwua. Usiku wa nne sahani ilikutwa tupu. Kufikia siku ya kumi alikuwa amekaa pembeni, kimya, hatoi mlio wala hapandi ukutani, na Bi. N. akaweza kumgusa mgongoni kwa mwiko wa mti. Alitokwa na machozi ya furaha. Mimi nikaandika kwenye daftari: anazoea.

Alihasiwa siku ya 45, bila dalili yoyote ya kichaa. Hapo ndipo tungemrudisha paani. Tukaamua, na pendekezo lilikuwa langu, akae stoo wiki tatu zaidi ili awe paka wa ndani. Majirani wangeridhika, mvua za masika zilikuwa zimeanza, na Bi. N. alikuwa amempenda kwa muda mrefu.

Nikilisoma daftari langu sasa, dalili zote nilikuwa nimeziandika mwenyewe. Mboni za macho zimejaa hata mchana. Tumbo limelala chini kama amepakwa sakafuni. Hapepesi macho. Anakula tu pakiwa hapana mtu. Hajilambi, manyoya yamekuwa magumu. Huyo hakuwa akizoea, alikuwa ameganda. Paka anayezoea ana kelele: anafoka, anasogea hatua moja, anarudi mbili, kesho anasogea tena. Kwa mtoto wa wiki mbili hadi saba au nane, mazoea huja kwa siku chache. Dume la miaka mingi juu ya mapaa limekwisha kujua binadamu ni nini.

Ngazini

Mlango wa stoo unatazamana na mabeseni ya mchanga. Siku ya 37, Tui alinusa chini ya mlango ule, akasikia mfoko kutoka ndani, akageuka na kumrukia aliyekuwa karibu naye, Karafuu. Hamaki ya paka ikikosa kumpata mwenyewe humwangukia aliye jirani. Vita vilikuwa vya sekunde chache. Baada ya hapo hapakuwa na vita tena, na nyumba ikamshukuru Mungu kwamba ndugu wamepatana.

Siku ya 58 Karafuu alikojoa juu ya kitanda cha binti. Mkojo ulikuwa na wekundu. Binti, kwa hali yake, alisema sasa imetosha. Daktari hakukuta mawe wala maambukizi kwenye kibofu. Kilikuwa kibofu kilichovimba kwa dhiki. Akaniuliza nini kimebadilika nyumbani. Nikamwambia hakuna.

Siku ya pili yake niliketi sabuleni na kikombe cha chai nikiitazama ngazi saa nzima. Tui alikuwa amelala kidato cha sita. Karafuu alitokea juu, akatazama chini. Tui hakuinuka wala hakufoka. Aliinua kichwa tu, akamkazia macho, na Karafuu akarudi. Baada ya dakika 20 akajaribu tena, ikawa vile vile. Ngazi ni moja, mabeseni yote yako chini. Kwa wiki tatu yule paka alikuwa akibana mkojo mpaka Tui alale usingizi mzito.

Bi. N. alikuwa ameketi nyuma yangu. Hakuzungumzia ngazi. Alisema, "Mwanangu, sisi tuliwakanya majirani kwa hadithi ya yule mwanamke. Na mimi si nimemfunga huyu? Kumlisha namlisha, lakini kumwacha sijamwacha."

Siku ya 60, baada ya magharibi, tulipandisha kreti paani, tukaifunika kanga, tukafungua mlango tukakaa mbali. Nahodha alitoka bila kukimbia, akapanda ukuta wa jirani, akajilamba bega. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akijilamba tangu tumkamate.

Ndani tuliongeza mabeseni kutoka mawili hadi saba, moja zaidi ya idadi ya paka waliobaki, matatu kati yake juu. Sahani za chakula zikagawanywa pande tatu. Fundi alipigilia rafu pembeni mwa ngazi ili pawe na njia mbili. Tui na Karafuu walitenganishwa kwa mlango, wakawa wanakula huku na huku ya mlango huo, tukibadilishana vitambaa vya kulalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Tulichukua wiki tano kabla ya kuwaacha pamoja bila mtu wa kuwatazama.

Yalivyoishia

Miezi minane baadaye ndani wako sita: Bibi, Tui, Karafuu, Bizari, Iliki na Baki. Wote wamechanjwa na hakuna wa kuzaa. Karafuu hajakojoa nje ya beseni tangu wiki ya pili baada ya Nahodha kuondoka. Hawalali tena kumbatio moja na Tui, wanagawana dirisha, huyu kulia na huyu kushoto. Mtoto wa binti alizaliwa salama. Dole gumba la Bi. N. bado haliingii vizuri kwenye mpini wa kisu.

Fedha zilizokwenda kwenye dripu, vipimo na hospitali zingechanja paka wote 13 na kubaki.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kile kilichofanywa mapema na bila kusitasita: kuigawa nyumba siku ya kipimo, kuchanja wazima papo hapo, jiki baada ya sabuni. Kuosha jeraha dakika 15 na kwenda hospitali siku ile ile ndiyo hatua pekee katika kisa hiki ambayo haina mjadala kabisa.

Kosa la mwanzo linaonekana kirahisi: wageni waliingizwa moja kwa moja jikoni. Wiki mbili katika choo cha juu zingeokoa vitoto wa Bizari. Lakini sidhani Bi. N. alikuwa mzembe. Alizitazama dalili, ila alizisoma kwa kipimo cha nyumba yenye paka mmoja, ambapo paka mwenye shida hulia na mkorofi hupigana. Vitoto wa wiki sita wasiolia usiku wa kwanza nyumba ngeni si wenye adabu, ni wagonjwa. Nahodha alikuwa kimya, nikasema anazoea. Ngazi ilikuwa kimya, tukasema wamepatana. Mara tatu tulipewa dalili ile ile, na mara mbili za mwisho nilikuwapo, mwenye mafunzo, na daftari mkononi.

Idadi yenyewe siihesabu kuwa tatizo, ingawa wenzangu wengi wangeanza na hilo. Paka sita wenye mabeseni saba na njia mbili wanaishi vizuri kuliko paka watatu wanaogombea mlango mmoja. Kilichokuwa kikubwa kuliko nyumba ni Nahodha, naye alikuwa mmoja. Kumzuia siku kumi za uangalizi kulikuwa lazima. Zile siku 15 za baada ya upasuaji hazikuwa na sababu ya afya hata moja. Zilikuwa kwa ajili yetu.

Kingine ni mtego. Kama tungekuwa na miwili, Bi. N. asingeingiza mkono. Kabla ya kuanza kazi kwenye kundi la paka sita siku hizi naazima wa pili, hata ikibidi kuahirisha.

Kilichobaki wazi

Jike la kijivu hatukulipata. Lilizaa watatu kwenye dari ya jirani aliyekuwa akitaka sumu. Ni yeye aliyenipigia simu. Vitoto tuliwachukua wakiwa na wiki sita, wakatengwa wiki mbili choo cha juu kwa Bi. N., wakachanjwa. Wawili wamepata nyumba, wa tatu yuko kwa jirani huyo, ambaye anasema ni wa muda tu.

Mama yao bado yuko nje, na tumbo limeanza kuonekana tena. Mtego uko paani tangu juzi, umefunikwa kanga, kichwa cha nguru ndani yake. Jana usiku Nahodha alikula sahani yake, akapita mbele ya mtego bila kuutazama. Jike lilikuja baada yake, likala vipande vyote tulivyotawanya mlangoni, likaacha kile cha ndani.